Kabla Hujabisha Hodi kwa Wakili: Somo kwa Mwanachuo Aliyeumia Ajalini

Ndugu mwanachuo, hosteli zetu ni nadra kumaliza muhula bila mtu kurudi na bandeji. Mmoja kadondoka na bodaboda akiwahi testi ya saa moja asubuhi, mwingine kagongwa akivuka barabara kwenda kula. Tunachanga, tunaenda kumwona, tunampelekea matunda na juisi, halafu maisha yanaendelea. Linalobaki bila mwenyewe ni swali la haki. Nani atalipa matibabu? Nani atalipa muhula uliopotea? Na kama mguu hautarudi kama ulivyokuwa, hilo litabebwa na nani?

Baadhi yetu hufika hadi kwa wakili, lakini hufika mikono mitupu. Mwanafunzi anakaa kitini, anaulizwa tarehe ya ajali, anasema "ilikuwa kama wiki ya tisa ya muhula." Anaulizwa namba ya gari, iko kwenye simu ya rafiki aliyeshahitimu. Anaulizwa PF3, anasema nadhani iko hospitali, au labda polisi. Dakika arobaini zinaisha, anaambiwa "nenda kalete kwanza hivi vitu." Nauli imeenda, siku imeenda, na yeye anatoka akiamini kwamba sheria ni ya wenye hela.

Sisi wa kitivo cha elimu tunafundishwa kwamba kipindi hakiendi vizuri kwa bahati. Mwalimu anaandika andalio la somo, anaandaa zana, anajua atauliza nini na ataulizwa nini. Kikao cha kwanza na wakili ni hivyohivyo. Wakili ana ujuzi wa sheria, lakini ajali ni yako, na kile atakachoweza kukufanyia kinategemea kile utakachoweza kumwonesha.

Mwisho wa somo hili, msomaji aweze kufanya mambo matatu: kueleza anamdai nani na nini, kukusanya na kupanga karatasi zake, kusimulia ajali yake kwa ukweli na kuuliza maswali yanayotakiwa. Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina mahakama na sheria zake, ingawa namna ya kujiandaa haitofautiani sana.

Tuchukue mfano wa kutunga utakaotusindikiza. Mwanafunzi wa mwaka wa pili amepanda bodaboda saa moja jioni kutoka stendi kwenda chuo. Gari dogo linatoka barabara ya pembeni bila kusimama, linaigonga pikipiki. Mwanafunzi anavunjika mguu chini ya goti, simu na kompyuta mpakato zinapasuka. Hakuwa amevaa helmeti. Siku ya tatu mwenye gari anakuja wodini na bahasha ya laki tatu na karatasi ya kusaini.

1. Kesi ni mbili, si moja

Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Polisi wa usalama barabarani wakimfikisha dereva mahakamani kwa kuendesha kizembe, hiyo ni kesi ya jinai kati ya Jamhuri na dereva. Wewe uliyeumia ni shahidi. Dereva akikutwa na hatia akatozwa faini, hela ile inaingia serikalini. Haiji kwako.

Kesi ya fidia ni nyingine. Hiyo ni kesi ya madai, na unaifungua wewe. Kwa hiyo mtu akikwambia "nasubiri, kesi bado iko mahakamani," muulize ni kesi ipi. Huenda anasubiri kitu ambacho hakitamletea hata shilingi.

Hata hivyo kesi hizi mbili zinahusiana. Dereva akitiwa hatiani kwa uzembe, hukumu ile inakuwa ushahidi mzito kwenye madai yako. Fuatilia kesi ya barabarani iko mahakama gani, ina namba gani, na iliishaje. Wakili atakuuliza hayo mapema sana.

Sasa muda. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, madai ya uzembe yanatakiwa kufunguliwa ndani ya miaka 3. Mtu anasikia miaka mitatu anasema aah, mingi hiyo. Lakini miaka mitatu ni urefu wa shahada. Waulize wanaohitimu mwaka huu ilivyopita. Na kama chombo kilichokugonga ni cha Serikali, halmashauri au shirika la umma, kuna hatua ya kutangulia: unatoa notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi. Ndiyo maana mambo mawili ya kwanza kuandika juu ya karatasi yako ni tarehe ya ajali na chombo kilikuwa cha nani.

Hilo la "cha nani" lina uzito kuliko tunavyodhani. Dereva aliyekugonga anaweza kuwa hana kitu. Lakini anayeendesha kwa kazi ya mwingine anaweza kumfanya mwenye chombo naye awajibike. Kwa bodaboda mambo yamechanganyika zaidi: kuna kijana anayemiliki pikipiki yake, kuna anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, na kuna aliye kwenye mkataba, akimaliza kulipa pikipiki inakuwa yake. Nani ni mmiliki hapo? Usijibu wewe. Kusanya unachokijua, wakili ndiye atachambua.

Halafu kuna bima. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inalazimisha kila chombo cha moto kinachotembea barabarani kiwe na bima ya madhara kwa watu wengine, ile tunayoiita bima ndogo. Bima hiyo haimtengenezei mwenye gari taa yake iliyovunjika. Imewekwa kwa ajili ya watu wanaoumia au kufa kwa sababu ya chombo hicho. Maana yake wewe, uliyelala wodini, ndiye mtu ambaye bima ile iliandikwa kwa ajili yake. Wanafunzi wengi hawajui hili hata kidogo.

Mahakama ikitoa hukumu ya fidia, kampuni ya bima ndiyo inayotazamiwa kulipa, lakini sheria inataka iwe imearifiwa kuhusu kesi. Kwa hiyo jina la kampuni na namba ya bima vinahitajika mapema. Ukiwa na namba ya usajili wa chombo, uhai wa bima unaweza kuhakikiwa kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Katika mfano wetu vyombo ni viwili. Huenda kosa ni la gari, huenda la pikipiki, huenda wamegawana. Namba za vyombo vyote viwili zinahitajika, hata kama moyo wako umeshaamua nani mbaya.

2. Faili lako

Nunua faili la plastiki lenye mifuko, yale yale tunayowekea vyeti. Panga hivi.

*Mfuko wa polisi.* Hapa kuna namba ya RB, jina la kituo, jina au namba ya askari aliyeshughulikia, na kopi ya PF3. Fomu hii inatolewa polisi, inajazwa na daktari, kisha inarudi polisi. Kabla haijarudi, toa kopi. Kama ulifikishwa hospitali ukiwa mahututi ukatibiwa kwanza, ndivyo inavyopaswa kuwa, uhai unatangulia karatasi. Ila ndugu au rafiki aende kituoni mapema kutoa taarifa na kuifuatilia fomu. Mchoro wa eneo la ajali na ripoti ya ukaguzi wa magari viko polisi pia. Hivyo wakili anaweza kukusaidia kuvifuatilia, lakini bila namba ya RB ataanzia wapi?

*Mfuko wa hospitali.* Weka karatasi ya kuruhusiwa, picha za eksirei, karatasi za dawa, na tarehe za kliniki zilizopita na zijazo. Kama umetibiwa kwa kadi ya NHIF, huenda huna risiti ya matibabu hayo, lakini rekodi zipo hospitali, kwa hiyo andika tarehe na vitengo ulivyopita. Kama kuna dalili kwamba hutapona kabisa, muulize daktari utaratibu wa kupata ripoti inayoeleza ulemavu wa kudumu na kiwango chake. Mguu uliounga vibaya ni jambo moja ukiuona kwa macho, na ni jambo lingine likiandikwa na daktari kwa asilimia.

*Mfuko wa hela.* Zingatia hapa. Mahakama zetu zinagawa madhara katika makundi mawili. Kuna madhara mahususi, yaani hasara zinazohesabika, kama dawa, usafiri, magongo, simu iliyopasuka. Na kuna madhara ya jumla, kama maumivu na usumbufu wa maisha, ambayo hakimu huyakadiria mwenyewe. Kanuni ya kundi la kwanza ni kali na Mahakama ya Rufani imeirudia mara nyingi: lazima uyataje moja moja kwenye madai na uyathibitishe moja moja. Ukisema "nilitumia kama milioni moja hivi," umesema neno tupu.

Basi chukua daftari, piga mistari ya safu nne: tarehe, kitu, kiasi, uthibitisho. Andika hata vidogo. Bajaji kwenda kliniki na kurudi, shilingi 8,000, hakuna risiti, imelipwa kwa simu, ujumbe upo. Magongo, shilingi 45,000, risiti ipo. Mama amesafiri kuja kuuguza, tiketi ya basi ipo. Pale ulipolipa kwa simu, omba taarifa ya miamala kutoka mtandao wako kabla hujabadilisha laini.

*Mfuko wa chuo.* Hapa ndipo wanafunzi tunajipunja wenyewe. Tunadhani kwa kuwa hatuna mshahara basi hatujapoteza kitu. Hebu hesabu. Umekosa mitihani ya mwisho wa muhula, ukaahirisha masomo, utamaliza mwaka mmoja nyuma ya wenzako. Wa elimu umekosa mazoezi ya kufundisha na ratiba yake haiji tena mpaka mwakani. Ulishalipia hosteli ambayo hukulala. Ulikuwa unafundisha twisheni jioni ukapata hela ya kula bumu likikata, sasa huwezi kusimama ubaoni. Si lazima yote haya yalipwe, lakini wakili hawezi kuyadai asipoyajua. Leta barua ya kuahirisha masomo, ratiba ya mitihani uliyoikosa, risiti za ada na hosteli, mawasiliano na Bodi ya Mikopo kama yapo, na majina ya wazazi wa watoto uliokuwa unawafundisha.

*Mfuko wa ushahidi.* Weka majina na namba za walioona. Dereva wa bajaji aliyekukimbiza hospitali ni shahidi. Mama muuza matunda aliyekuokotea begi ni shahidi. Picha na video ziache kwenye simu iliyozipiga, usizifute baada ya kuzituma. Ukirusha picha kwa WhatsApp, ubora hupungua na taarifa za lini ilipigwa hupotea. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa aina hiyo, lakini mahakama huangalia ulivyotunzwa. Kama kuna duka lenye kamera jirani na eneo, mtu aende haraka kuomba, maana mifumo mingi hufuta rekodi za zamani ili kupisha mpya.

Peleka kopi, nakala halisi baki nazo. Wakili akihitaji nakala halisi, mkabidhi na uombe akusainie orodha ya ulichomwachia. Hatakushangaa, mawakili wenyewe ndio wanaopenda karatasi.

3. Simulizi ya ukurasa mmoja

Waliosoma saikolojia ya elimu watakumbuka utafiti wa Loftus na Palmer wa 1974. Watu walioneshwa filamu za ajali za magari, kisha wakaulizwa magari yalikuwa yanakwenda kasi gani. Wengine waliulizwa kwa neno jepesi, kwamba magari "yaligusana," wengine kwa neno zito, kwamba "yalibamizana." Filamu zilikuwa zilezile, lakini waliosikia neno zito walitaja mwendo mkubwa zaidi. Wiki moja baadaye, wengi zaidi kati ya walioulizwa kwa neno zito walisema waliona vioo vilivyovunjika, na vioo hivyo havikuwepo kabisa.

Sasa fikiria wewe. Umelala wodini, kila anayekuja anasimulia ajali yako upya. "Lile gari lilikuwa linakimbia kama limeibwa!" Baada ya wiki tatu hujui tena uliona nini na ulisikia nini. Ndiyo maana simulizi iandikwe mapema, kabla kumbukumbu haijachanganywa. Kama mkono umeumia, jirekodi kwa sauti.

Ukurasa mmoja unatosha. Gawa sehemu tatu: kabla ya ajali, wakati wa ajali, baada ya ajali. Tumia maneno matatu kwa uaminifu: *niliona*, *nilisikia*, *niliambiwa*. "Niliona gari likitoka kushoto" ni kitu kimoja. "Niliambiwa dereva alikuwa kwenye simu" ni kitu kingine, na huyo aliyekuambia ndiye anatakiwa kuwa shahidi.

Na usisafishe simulizi. Mwanafunzi wetu hakuvaa helmeti. Kishawishi ni kusema alivaa, au kukaa kimya. Asifanye hivyo. Wakili amefungwa na wajibu wa kutunza siri ya mteja, na upande wa pili lazima utalileta. Sheria inaruhusu fidia ipunguzwe pale aliyeumia naye alipochangia madhara. Lakini hebu fikiri: helmeti ingezuia vipi mguu kuvunjika chini ya goti? Hiyo ni hoja nzuri, na wakili ataiandaa kama tu anajua ukweli mapema. Akiusikia kwa mara ya kwanza mahakamani, mbele ya hakimu, hoja imekufa na uaminifu wako umekufa nayo.

Jambo lingine ambalo vitabu havisemi. Kwetu mgonjwa haendi peke yake. Utaenda na mama, au mjomba, au baba mdogo, na huenda ndiye aliyetoa nauli. Ni heri na ni heshima. Tatizo ni pale kikao kinapokwenda hivi:

"Haya binti, karibu. Ilikuwaje?"

"Wakili, yaani huyu mtoto nusura tumzike. Yule dereva alikuwa amelewa chakari!"

"Mzee wangu, ulikuwepo?"

"Sikuwepo, lakini kila mtu anajua."

Kabla hamjatoka nyumbani, ongea naye kwa adabu: "Mjomba, naomba pale nisimulie mimi, kwa sababu mimi ndiye nitakayesimama kizimbani. Wewe nisaidie kwenye gharama na maamuzi." Mjomba mwenye busara ataelewa. Mpe na kazi: abebe daftari la matumizi, maana mengi alilipa yeye.

4. Karatasi ya "yaishe"

Turudi wodini. Mwenye gari amekaa pembeni ya kitanda, anaongea na mama wa mwanafunzi kwa upole.

"Mama, huyu ni kama mwanangu. Mambo ya polisi na mahakama yatatuchosha wote. Pokea hii, tuyamalize kiutu uzima."

Siyo kila mwenye bahasha ni mjanja. Wapo wanaokuja kwa huruma ya kweli, na kukataa msaada wakati dawa zinahitajika leo si ushujaa. Shida si bahasha, ni karatasi. Soma imeandikwa nini. Ikisema umepokea malipo "kamili na ya mwisho" na hutadai tena, unaweka saini kwenye bei ya mguu ambao hata daktari hajajua utaunga vipi. Ukiisaini, unaweza kuwa umejifungia mlango mwenyewe, au umempa wakili wako mlima wa kupanda.

Pokea msaada kama unauhitaji, lakini maandishi yaseme wazi: "mchango wa matibabu, si malipo ya mwisho ya madai." Akikataa kuandika hivyo, umeshajua bahasha ilikuwa ya nini. Kama umeshasaini, au mzee amesaini kwa niaba yako, usione aibu. Leta kopi kwenye kikao na uiweke juu kabisa ya faili. Kwa kijana aliyetishwa au kuharakishwa akiwa kwenye maumivu makali, wakili atataka kujua saini ile ilipatikanaje, siku gani, nani alikuwepo.

Na jamani, status. Umefungua madai kwamba huwezi kutembea, halafu rafiki anakuposti uko kwenye bash umenyanyua magongo juu unacheka. Picha hiyo inaweza kuonekana mahakamani. Pumzika kidogo na mitandao.

5. Wakili yupi, kwa hela ipi

Pembeni ya mahakama, na wakati mwingine hata hospitali, wapo vishoka: watu wanaojiita mawakili na si mawakili. Wanavaa suti, wanajua maneno, wanaomba "hela ya kufungulia faili." Kuwakwepa ni rahisi. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki mawakili; unaandika jina, unaona kama yumo na kama ana leseni hai. Pia unaweza kuuliza Chama cha Mawakili Tanganyika. Wakili wa kweli hachukii kuhakikiwa.

Huna hela? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeweka utaratibu wa huduma ya bure kwa wasio na uwezo. Kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na kwa akina dada kuna pia Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake. Wapo pia wasaidizi wa kisheria katika wilaya. Hawa hawakusimamii mahakamani, lakini wanaelekeza vizuri. Kama chuo chako kina kitivo cha sheria, ulizia kama wanatoa msaada wa kisheria. Huko nako faili lako ni lilelile.

Kwa wakili wa kulipwa, nenda na maswali yameandikwa:

1. Umewahi kuendesha madai ya ajali kama haya?
2. Kwa ulichokiona leo, tunamdai nani: dereva, mmiliki, au wote? Bima inaingia vipi?
3. Muda wangu wa kisheria unaisha tarehe gani?
4. Ada yako ni kiasi gani, inalipwa kwa hatua zipi, na gharama zipi zipo nje ya ada?
5. Nikishindwa, naweza kuamriwa kulipa gharama za upande wa pili?
6. Kuna nafasi ya kumalizana kwa usuluhishi? Nani ataamua kiasi cha kukubali?
7. Nitapata taarifa kwa njia gani, na kwa nani ukiwa safarini?

Swali la tano wengi hawaliulizi, na jibu lake ni ndiyo, inawezekana. La sita nalo ni la maana, maana kesi za madai hupitishwa kwenye usuluhishi kabla ya kusikilizwa, na lazima ieleweke kwamba wewe ndiye wa kukubali au kukataa kiasi. Makubaliano ya ada yawe kwa maandishi, yamesainiwa na wote. Na ukikutana na wakili anayekuahidi kiasi siku ya kwanza, "hapa milioni hamsini hazikosekani," kabla hajaona hata PF3, shukuru kwa muda wake na uondoke.

6. Siku yenyewe

Fika mapema. Beba kitambulisho cha chuo na namba ya NIDA. Msalimie ipasavyo, shikamoo haipunguzi usomi wa mtu. Mpe ule ukurasa mmoja kwanza, asome, halafu akuulize. Jibu swali lililoulizwa. Hujui? Sema sijui. Sijui ya kweli ina thamani kuliko kumbukumbu ya kubuni. Andika anachosema, au muombe rafiki aandike.

Kabla ya kusimama, rudia kwa sauti mambo matatu: yeye atafanya nini, wewe utafanya nini, na mtakutana lini. Kama hamjakubaliana kwamba amechukua kesi, muulize waziwazi. Wapo wanaotoka ofisini wakidhani wana wakili, kumbe wakili alikuwa anatoa ushauri tu, na siku zinaendelea kuhesabika.

Zoezi

Hili ni la wote, hata mliosalimika.

(a) Wiki hii, kila unapopanda bodaboda, piga picha ya namba ya usajili au itume kwa rafiki kabla hujakaa. Omba na helmeti.

(b) Andika kwenye karatasi ndani ya pochi: jina lako, namba ya ndugu wa kupigiwa, namba ya kadi ya bima ya afya.

(c) Kama kuna mwenzio chumbani aliyeumia muhula huu, kaa naye jioni moja. Mtengenezeeni ukurasa mmoja na daftari la safu nne. Muulize PF3 yake iko wapi. Kama hajui, kesho asubuhi mmoja wenu aende kituoni.